Madirisha Manane, Muhuri Mmoja

Tunapojadili haki ya wananchi kupata huduma kwa njia ya mtandao, mazungumzo yetu huishia kwenye bei ya vifurushi, uchache wa minara vijijini na sheria zinazobana uhuru wa kujieleza. Yote hayo ni ya msingi, na nimeyaandikia hapa mara nyingi. Hata hivyo kuna kikwazo kingine ambacho hakina waziri anayekitolea kauli wala mwanaharakati anayekipigia kelele, kwa sababu kimejificha ndani ya simu yenyewe, baada ya kifurushi kununuliwa na mnara kupatikana. Ukurasa umekwisha kupakuliwa. Data imekwisha kukatwa. Na bado kitufe hakiitikii.

Mimi si mhandisi. Fani yangu ni sayansi ya siasa, na kazi yangu ni kuuliza nani anaamua, nani analipa na nani anafaidi. Niliingia katika suala hili kwa mlango huo. Katika majuma ya usajili wa kozi, wanafunzi wetu hutakiwa kujisajili kupitia tovuti, na walio wengi hutumia simu kwa kuwa hawana kompyuta. Mwaka hadi mwaka hunijia ofisini wanafunzi wa aina ileile: wale ambao fomu iliwagandia mpaka mfumo ukawatoa nje, wakaingia upya, ikaganda tena, na walipofanikiwa nafasi katika kozi waliyoitaka zilikuwa zimejaa. Mmoja wao alikwenda kulalamika katika ofisi inayohusika akajibiwa, "Binti, mfumo hauna tatizo, tatizo ni simu yako." Nyuma ya simu hiyo bado ilikuwapo ile plastiki laini ya dukani ambayo wengi wetu hatuibandui, na juu yake imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba simu ina viini 8. "Mwalimu," akaniuliza, "kama vinane havitoshi, vinatakiwa vingapi?"

Ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa kwenye semina, na jibu lake limenichukua muda kulipata.

Kiini ni ile sehemu ya prosesa inayotekeleza amri za programu. Kwa miaka mingi prosesa ilikuwa na kimoja tu. Simu janja za kwanza zenye viini 2 zilitoka mwaka 2011, na mwishoni mwa mwaka 2013 kampuni ya MediaTek ya Taiwan ilitangaza prosesa ya simu yenye viini 8. Mwaka huohuo kiongozi mmoja wa Qualcomm, kampuni ya Marekani inayoshindana nayo, aliukejeli hadharani mtindo huo wa kurundika viini. Haukupita muda mrefu kampuni yake nayo ikauza prosesa za viini 8. Soko lilikuwa limekwisha kuamua kwamba idadi inauzika. Sisi wapiga kura tunaufahamu vizuri mchezo huo: idadi ya madarasa yaliyojengwa hutangazwa kwa sauti kubwa kuliko idadi ya walimu waliomo.

Programu haijigawi yenyewe katika viini. Mwandishi wake ndiye anayepaswa kuigawa kazi katika mikondo inayoweza kwenda sambamba, na wataalamu huiita mikondo hiyo nyuzi. Mfumo endeshi wa simu hutazama nyuzi zilizo tayari na kuzipangia viini vilivyo wazi. Nyuzi nane zenye kazi zinaweza kuchukua viini vyote 8 kwa wakati mmoja. Lakini uzi mmoja hautekelezwi na viini viwili kwa mkupuo. Ukiwa na uzi mmoja tu wenye kazi, viini saba vitapumzika huku mwenye simu akisubiri. Fikiria ofisi ya umma yenye madirisha manane, kila dirisha na mtumishi wake, lakini hakuna fomu inayotoka bila muhuri, na muhuri ni mmoja, umefungiwa kwenye droo ya mtu mmoja. Aliyejenga madirisha manane hakudanganya. Mwananchi aliye kwenye foleni ndiye anayejua kwamba hayamsaidii.

Ningeishia hapo ningekuwa nimevionea vivinjari, maana kwa hakika ni miongoni mwa programu zilizogawanywa kwa ustadi mkubwa. Google ilipotoa Chrome mwezi Septemba 2008, jambo lililoitofautisha ni kutenganisha kurasa katika michakato inayojitegemea, ili ukurasa mmoja ukianguka usiiangushe mingine. Toleo la simu za Android lilifuata mwaka 2012. Upo mchakato unaosimamia kivinjari chenyewe, upo unaoshughulikia michoro, na ipo ile inayobeba kurasa. Ndani ya mchakato wa ukurasa kuna nyuzi kadhaa. Kupokea data kutoka mtandaoni, kufumbua picha, kuukata ukurasa katika vipande vidogo na kuvipaka rangi, hata sehemu ya kuzitafsiri programu za JavaScript na kufagia kumbukumbu isiyotumika tena, yote haya yameondolewa kwenye uzi mkuu kwa kazi ya miaka mingi ya wahandisi ambao majina yao hatutayasikia. Kupandisha na kushusha ukurasa kwa kidole nako kuna uzi wake.

Uzi mkuu umebaki na kazi zisizogawanyika kirahisi: kuusoma ukurasa na kuujengea muundo wake, kukadiria mitindo na mahali pa kila kitu, kupokea miguso ya vidole, na kuendesha JavaScript. Skrini nyingi hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, maana yake uzi huu una takribani milisekunde 16 za kumaliza shughuli zake kabla ya picha inayofuata. Wahandisi wa Chrome huihesabu kazi yoyote inayoushika kwa zaidi ya milisekunde 50 mfululizo kuwa ni kazi ndefu, kwa sababu mguso wa kidole ukifika katikati yake hauna wa kuupokea. Unapanga foleni.

Hapa ndipo nilipoelewa jambo ambalo kila mwenye simu ya bei nafuu amelishuhudia bila kupewa maelezo. Ukurasa unateleza vizuri chini ya kidole, unapanda na kushuka, lakini kitufe kilichomo ni kama kimechorwa ukutani. Kuteleza kumeshughulikiwa na uzi mwingine ulio huru. Kitufe kinamsubiri mwenye muhuri. Watu hubonyeza tena, na tena, na baadaye fomu inatumwa mara tatu.

Mwenzangu wa idara ya kompyuta alinionyesha haya kwa macho. Aliiunganisha simu ya yule mwanafunzi na kompyuta yake kwa waya wa USB, akafungua zana za watengenezaji ambazo huja bure ndani ya Chrome, akarekodi ukurasa wa usajili ukifunguka. Zilitokea safu zilizopangwa juu kwa chini, kila uzi na safu yake, na wakati ukienda kutoka kushoto kuelekea kulia. Safu ya uzi mkuu ilijaa njano kwa zaidi ya sekunde kumi. Safu nyingine zilikuwa na vidoa vidoa kisha nyeupe tupu. Njano, alinieleza, ni JavaScript. Nimesoma ripoti nyingi za mgawanyo usio sawa wa mali na kazi, lakini sikumbuki nyingine iliyonipa picha iliyo wazi namna ile.

Kwa nini JavaScript ikae kwenye uzi mmoja? Brendan Eich aliitunga kwa siku 10 mwezi Mei 1995, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Netscape, wakati kompyuta za nyumbani zilikuwa na kiini kimoja na lugha hiyo ilikusudiwa kuchangamsha kurasa kwa vijiprogramu vya mistari michache. Kanuni ikawa kwamba kipande cha programu kikishaanza kutekelezwa, hakuna kingine kitakachougusa ukurasa mpaka kimalize. Ni kanuni ya busara, na siungi mkono wanaoibeza. Ukurasa ni kama jalada moja: makarani wawili wakiandika humo kwa wakati mmoja bila kusikilizana, utapata jalada lisilosomeka. Baadaye, kuanzia mwaka 2009 katika Firefox, ukaja utaratibu wa kuwa na watenda kazi wa chumba cha nyuma, yaani nyuzi za ziada zinazoweza kupiga hesabu nzito lakini haziruhusiwi kuugusa ukurasa. Matokeo huyatuma kwa ujumbe kwa uzi mkuu. Utaratibu upo katika vivinjari vyote vikubwa. Tovuti nyingi haziutumii, kwa sababu ni rahisi zaidi kuuachia uzi mkuu kila kitu, hasa kama simu unayojaribia ni ya bei ghali.

Gene Amdahl, mhandisi wa kompyuta wa Marekani, alitoa mwaka 1967 hoja ambayo hadi leo hubeba jina lake. Kikomo cha faida ya kuongeza vitenda kazi huwekwa na ile sehemu ya kazi isiyogawanyika. Ikiwa nusu ya kazi haigawanyiki, viini 8 havitakupa kasi ya mara 8. Utapata chini ya mara 2. Ukipewa viini elfu moja bado hutafika mara 2 kamili.

Kinachobaki, basi, ni kasi ya kile kiini kimoja kinachoubeba uzi mkuu, na hapo ndipo tabaka linapoingia. Simu ghali huwa na kiini kimoja au viwili vyenye nguvu kubwa pamoja na vingine vidogo vya kuhifadhi chaji, mpangilio ambao kampuni ya Arm ya Uingereza iliutangaza mwaka 2011. Simu nyingi za bei nafuu zimeuzwa kwa miaka mingi zikiwa na viini 8 vyote vya aina ndogo, kama kile kiitwacho Cortex-A53, ambacho usanifu wake ulitangazwa mwaka 2012. Vinane kwa vinane, maandishi kwenye plastiki ya dukani ni yaleyale. Alex Russell, mhandisi aliyefanya kazi kwenye Chrome na baadaye akahamia Microsoft, ameandika kwa miaka mingi kwamba pengo kati ya simu anazotumia mtengenezaji wa tovuti na simu zilizo mikononi mwa watu wengi duniani linafanya tovuti za kisasa ziwe za watu wachache. Yeye huiita hali hiyo kwa lugha ya uhandisi. Sisi katika fani yetu tuna neno lake: kutengwa.

Wapo waliojaribu kuugawa muhuri wenyewe. Shirika la Mozilla lilianza mwaka 2012 utafiti ulioitwa Servo, likiandika upya sehemu za kivinjari kwa lugha ya Rust ili kazi zigawanywe katika viini bila makarani kuvurugiana jalada. Tunda lake kubwa lilionekana katika Firefox ya Novemba 2017, ambapo ukadiriaji wa mitindo ya ukurasa uligawanywa katika viini vyote vilivyopo. Mwezi Agosti 2020 Mozilla ilipunguza wafanyakazi wapatao 250, na timu ya Servo ilikuwa miongoni mwao. Miezi michache baadaye mradi ukahamishiwa kwenye Linux Foundation. Utafiti huo pia ulikuwa ukitegemea hazina ya shirika moja, na hazina hiyo ilipotikisika ukawa miongoni mwa vya kwanza kukatwa.

Kizazi changu kinakumbuka njia nyingine. Kabla ya simu janja kuenea, tulisoma magazeti kwenye visimu vidogo kwa Opera Mini, kivinjari kutoka Norway kilichosambazwa duniani mwezi Januari 2006. Siri yake ilikuwa kwamba ukurasa haukutengenezwa kwenye simu kabisa. Seva za Opera ziliupakua, zikaupanga, zikaubana na kukutumia matokeo mepesi. Uzi mkuu, kwa namna fulani, ulikuwa kwenye mashine ya mtu mwingine. Ilikuwa neema kwa vifurushi vyetu, lakini kwa njia hiyo ya kubana kurasa hata mawasiliano yaliyofichwa kwa siri yalifumbuliwa kwenye seva hizo kabla ya kukufikia. Maskini alipewa wepesi, akalipa kwa faragha.

Mlinganyo huo haujakoma. Mwezi Januari 2018 watafiti walitangaza udhaifu wa prosesa uitwao Spectre, ambao uliwezesha ukurasa mmoja kunyemelea siri za mwingine uliomo katika mchakato huohuo. Dawa iliyochaguliwa na Chrome ilikuwa kuipa kila tovuti mchakato wake. Michakato hula kumbukumbu. Kinga hiyo ilipofika kwenye Android mwaka 2019, ilifunguliwa kwa simu zenye angalau gigabaiti 2 za RAM, na hata humo kwa tovuti ambazo mtumiaji huingiza nywila. Mwenye simu ndogo zaidi aliachwa nje ya uzio. Siwalaumu wahandisi hao, kwa kuwa simu ndogo ingeelemewa. Natamani tu wenzangu wanaoandika kuhusu usalama wa raia mtandaoni wajue kwamba uzio una kimo cha mfuko.

Nirudi kwenye fomu ya usajili, maana ndiyo iliyonifikisha huku. Mwenzangu aliipekua. Inachofanya ni kuonyesha orodha ya kozi, kupokea alama za vema na kuzipeleka. Kazi hiyo HTML iliiweza bila JavaScript tangu toleo lake la pili la mwaka 1995, ambalo tayari lilikuwa na fomu. Lakini fomu yetu huja tupu. Kwanza hupakua maktaba kubwa za JavaScript, zikiwemo za kuchora grafu ambazo hakuna grafu ya kuzitumia, kisha huiomba seva orodha ya kozi zote za chuo, kisha simu ya mwanafunzi ndiyo inayochambua zipi zinamhusu, kuzipanga na kuzijenga moja moja kwenye ukurasa. Yote kwenye uzi mkuu. Wakati huo saa ya seva inahesabu dakika za kumtoa nje asiyefanya chochote, na mwanafunzi ambaye uzi wake umeshikwa huonekana kwa seva kama mtu asiyefanya chochote.

Kwangu mimi huu ni uhamishaji wa gharama. Kazi ambayo seva ya taasisi ingeifanya mara moja kwa umeme wa taasisi imesukumwa kwenye maelfu ya simu, ifanywe maelfu ya mara kwa chaji na muda wa watu ambao hawakuulizwa. Hakuna mstari wa bajeti unaoionyesha. Mkaguzi wa hesabu hataiona. Na inapolalamikiwa, jibu ni kununua simu nyingine, yaani mwananchi aongeze mtaji katika mradi wa taasisi.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanajua kuliko mimi namna zabuni za mifumo zinavyoandikwa: huorodhesha kazi ambazo mfumo utafanya, mara chache sana kifaa utakachofanyia. Uingereza, mwongozo wa serikali wa huduma za kidijitali huwataka watengenezaji waanze na HTML inayotosheleza kazi, ndipo JavaScript iongezwe juu yake kama nyongeza, ili ikishindwa huduma isikwame. Sharti la namna hiyo halihitaji viini zaidi wala fedha za wafadhili. Linahitaji aya moja katika zabuni na simu moja ya bei ya chini mezani kwa kamati ya mapokezi, iliyounganishwa na mtandao uleule anaoutumia mwanafunzi wa hosteli, na mjumbe wa kamati aambiwe ajisajili kozi nne kabla ya kutia saini.

Kwa jioni mbili mwenzangu alitengeneza ukurasa wa majaribio wenye orodha ileile ya kozi, ukipangwa na seva na kutumwa kama HTML tupu yenye fomu ya kawaida. Tuliufungua kwenye simu ya yule binti. Hauna mbwembwe, na rangi zake kwa kweli hazivutii. Safu ya uzi mkuu ilionyesha alama chache mwanzoni kisha ikatulia, na kitufe kiliitika kwa mguso wa kwanza. Tuliambatanisha rekodi zote mbili kwenye barua, tukapendekeza aya ya zabuni ikiwa imekwisha kuandikwa, na kuikabidhi kwa mkono masjala. Tulipewa namba ya jalada. Dirisha la usajili wa muhula ujao linafunguliwa baada ya majuma matatu, kwa fomu ileile ya zamani.